Kona ya Kawe Iko Wazi

Kawe, Dar es Salaam
12 Januari 1992

Kwako binti mjomba, Shaima,

Sie wa Kawe tupo, tunakula, tunagombana, ndiyo afya hiyo. Mama kasema nikuandikie salamu tatu. Hii ndiyo ya kwanza, mbili zilizobaki jazia mwenyewe, wino ghali. Kuku wake wawili wamekufa kwa kideri na bado anawalilia, ingawa wakati wa kuwakimbiza na mwiko hakuwa na mapenzi hayo. Mjomba Matar mpe shikamoo yangu, ile ya kuinama kabisa. Muulize kama duka la Kivinje limewazoea au bado mnaliota la Temeke.

Haya, salamu zimekwisha, sasa tupigane.

Unaukumbuka ule mchezo wa Wajapani niliokufundisha uani kwetu, kwa mbegu za mkwaju na vifungo vya shati? Mlipohama Novemba ulikuwa umenifunga mara moja tu, tena siku hiyo nilikuwa na malaria. Sasa Mzee Hayashida, yule injinia wa barabara ninayemfanyia kazi Msasani, ananiambia kwao watu huuchezaga kwa barua. Huyu mji huu, yule mji ule, kila barua jiwe moja. Nikamwambia mie ninaye mpinzani Kilwa. Akauliza, "Kiwango gani?" Nikamwambia kiwango cha kulia akifungwa.

Basi chora karatasi, mistari kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kushuka. Pembe nne tuzipe majina tusichanganyane: juu kushoto Kawe, juu kulia Msasani, chini kushoto Pugu, chini kulia Temeke kwenu kwa zamani. Kila jiwe liandike namba yake. Jiwe likishakaa halisogei, ila likizingirwa pande zote linakufa, linatolewa. Kazi ni kuzungushia uwanja, na mwenye uwanja mkubwa ndiye bingwa, yaani mie.

Mie nyeusi, naanza. Jiwe la kwanza: Kawe, mstari wa nne kwa wa nne.

Najua utacheka. Wewe ukipata kona unatia jiwe la pili papo hapo, umeifunga kama sanduku la bibi harusi. Mzee kanifundisha mengine mwezi huu. Kasema kona yenye jiwe moja bado inapumua. Inaweza kwenda huku, inaweza kwenda kule, na mpinzani hajui umelenga wapi. Ukitia la pili mapema umeshamhadithia siri zako. "Ngoja kidogo, tazama kidogo," ndivyo anavyosema, Kiswahili chake chote ni cha kidogo kidogo.

Na mie mwaka huu ndivyo ninavyokwenda, ubaoni na mtaani. Mzee anataka kunipeleka nijifunze kuendesha magari makubwa. Farhan, mshikaji wangu wa Tandika, ana meza ya viatu vya mitumba, ananitaka tushirikiane. Na huyo huyo Farhan ana nduguye Maskati anayeweza kutuita. Mambo matatu, na hata moja sijalifunga. Mji huu watu wanasota kwa kukosa hata nusu ya moja.

Jibu upesi. Nikishinda kwa sababu umelala sitaona raha.

Ni mie, bingwa wa Kawe na vitongoji vyake,
Mwishehe


Kilwa Kivinje
3 Februari 1992

Kwa bingwa wa vitongoji,

Barua yako imefika na madoa ya mafuta, nadhani mkono mmoja ulikuwa na kalamu na wa pili chapati. Huku wazima. Baba kaitikia marahaba, kasema duka tunaliota la Temeke kila siku iendayo kwa Mungu, maana wateja wa Kivinje wananunua kiberiti kimoja na kukaa saa nzima kukihadithia. Mama anakohoa kidogo, anapata nafuu. Pole nyingi kwa shangazi.

Kuhusu malaria yako: siku niliyokufunga ulikula sahani mbili za ubwabwa na ukakwangua sufuria. Sijaona ugonjwa wa namna hiyo.

Karatasi nimechora. Jiwe langu: Temeke, wa nne kwa wa tatu. Na barua ijayo nitaifunga, wala sioni haya. Mimi nikishafunga nalala. Wewe ukiacha wazi unakaa unageuka geuka kitandani, ukijiita mjanja. Halafu, ama Mzee wako hajakwambia yote, ama kakwambia ukawa unatazama gari lake. Jiwe la nne kwa nne, chini yake patupu. Mtu akiingia pale tatu kwa tatu anaishi, kona inakuwa yake, na wewe unabaki nje umeshika ukuta.

Habari nyingine ni ndogo. Jumamosi alikuja mtu dukani, Azan, yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Masoko. Alinunua misumari. Jumatatu akaja kununua misumari. Jumatano misumari. Baba kauliza, "Huyu anajenga nini?" Mimi nilikuwa napima sukari, nikaendelea kupima.

Umeniandikia udereva, umeniandikia viatu, umeniandikia Maskati. Nimesoma mara mbili nione ni lipi unalolitaka, sikuliona. Au yote matatu ni ya kunisomea mimi?

Shaima


Kawe
23 Februari 1992

Kwako binti mjomba mwenye ulimi,

Mama anasalimu, kapata kuku wapya, wa kwanza kampa jina lako kwa sababu hanyamazi. Mji huu siku hizi ni maneno tu. Kila kijiwe watu wanabishania vyama vingi, kila chumba cha mbele kinageuzwa duka, na Msasani wanaporomosha majumba mpaka wavuvi wanauliza njia ya kwenda kwao. Usishangae karatasi ya daftari, zile za ofisi zimekwisha.

Kikohozi cha mke wa mjomba, yaani mama yako, mwambie tangawizi.

Sasa ubao. Jiwe langu: Pugu, nne kwa nne, na hiyo nayo siifungi. Ninacho kitabu cha Mzee hapa. Maandishi yao siyajui, natazama michoro. Dada, utashangaa. Kona ileile, jiwe lilelile la kwanza, wameichora kurasa kumi na mbili. Hapa linafuatiwa na jiwe la karibu, hapa la mbali, hapa hawalifuati kabisa, wanakwenda kucheza upande mwingine wa dunia. Nilitafuta ukurasa ulio sahihi kuliko wenzake, haupo. Unatazama kwanza majirani. Kama ubavu huu kuna rafiki, nyoosha huku. Kama kuna adui, zunguka kule. Kwa hiyo anayefunga mapema, kama mtu mmoja ninayemjua wa Kivinje, amechagua ukurasa mmoja akachana kumi na moja. Mie kurasa zangu zote ninazo.

Lile la tatu kwa tatu nalijua. Ukiingia mapema hivyo nitajenga ukuta huku nje mpaka ujute. Hutaingia, nakujua, wewe mtu wa kutulia.

Huyo wa misumari mwambie mafundi wapo, aache kujichosha.

Udereva unaendelea vizuri, viatu vizuri, Maskati vizuri.

Mwishehe asiyefungika


Kilwa Kivinje
14 Machi 1992, mfungo wa tisa

Kwako Mwishehe,

Ramadhani njema kwenu nyote. Mama amepona. Tangawizi kainywa, kakuombea dua, kisha kauliza kwani huyu amekuwa mganga lini.

Umeandika kwenye daftari. Kitabu cha Mzee unacho wewe, na mtu hagawi kitabu chake akiwa bado anakitumia. Barua nzima hukutaja kuosha gari wala kufungua geti, wewe ambaye hukosi kuhadithia hata rangi ya tairi. Na nyuma ya bahasha umeandika sanduku la posta la msikiti badala ya lile la Msasani. Sikuulizi. Nangoja kidogo, natazama kidogo.

Jiwe langu: Temeke, la pili. Nimefunga.

Sasa nisikilize, na hili usilifanyie mzaha. Kabla ya mfungo walikuja wazee wawili na barua ya posa, imefungwa kwenye leso nyeupe. Ni ya Azan. Baba hakujibu. Kawaambia kuna mtoto wa shangazi, na kwetu huyo huulizwa kwanza kabla binti hajatoka nje ya ukoo. Atangoja neno la Kawe mpaka Idi ipite. Yeye hatakuandikieni, maana mwenye binti haendi kuombaomba. Kaniuliza tu, "Kule kwa shangazi yako wana habari?" Nikasema nitaandika.

Basi nimeandika. Shangazi anajua? Kama hajui, mwambie. Kama hutaki, andika hutaki, neno moja linatosha, nitalisoma na nitafuturu kama kawaida.

Azan si mtu mbaya. Nasema ili nisije nikawa nimemsingizia.

Shaima


Tandika
29 Machi 1992

Kwako Shaima,

Usishtuke kuona Tandika, nipo kwa Farhan wiki mbili tatu, namsaidia wakati huu wa Idi, watu wanagombea viatu kama vinagawiwa bure. Jana mama mmoja kanunua cha kushoto tu, kasema cha kulia atakipata mahali pengine, na mie nikamwamini. Mama yangu yupo Kawe, mzima, anafunga, anakusalimu.

Barua yako nimeisoma. Temeke umeifunga vizuri, imependeza, kama kabati.

Mie jiwe langu: ubavuni, katikati ya Kawe na Pugu, mstari wa tatu. Hapo natazama kote kuwili. Utasema nimeiacha Msasani tupu. Nimeiacha makusudi. Kuna mahali pawili pazuri vilevile, Msasani na ubavu wa chini. Ukichukua hapa, mie nachukua pale. Ukichukua pale, mie hapa. Mtu mwenye pawili hana haja ya kukimbia, na hili si langu, limo kitabuni, nimelielewa bila kusoma.

Kuhusu lile jingine. Mjomba ni mtu wa subira, tangu zamani. Na Idi zenyewe ni mbili. Nimeanza kumwambia mama mara mbili, mara zote mbili kanituma dukani kabla sijafika katikati. Kuna mambo hapa nayaweka sawa kwanza. Udereva kuna kitu kidogo wanasubiri. Usifunge ukurasa mapema, binti mjomba, nakuomba hilo tu.

Misumari bado ananunua?

Mwishehe


Kilwa Kivinje
26 Aprili 1992

Kwako binamu yangu,

Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Rufiji imefurika, magari yamelala ng'ambo wiki tatu, na mfuko wa posta umelala nayo. Kwa hiyo Idi imekuja, imepita, baba amekaa barazani kila gari lilipotajwa, na kutoka Kawe hakikuja kitu. Nakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, usiruke.

Siku chache kabla ya Idi mama aliitoa mito juani. Foronya yangu alipoivua ikadondoka karatasi yetu. Niliihifadhi humo isipotee, nimeikunja mara nne. Baba akaiokota. Umewahi kuitazama kwa macho ya baba yangu? Viboma vidogo vidogo, duara nyeusi, duara nyeupe, namba ndani, pembe nne na kila pembe ina jina lake. Na imekunjwa, na imetoka ndani ya mto wa binti anayeposwa.

"Hii ni nini, Shaima?"

"Mchezo, baba."

"Mchezo unalaliwa?"

Akaipeleka kwa Maalim. Maalim kavaa miwani, kaigeuza, kauliza, "Huyu Pugu ni nani? Majina ya malaika ninayajua, majini wakubwa ninawajua, Pugu simfahamu." Wakakata shauri ni talasimu ya bara, umeitengeneza wewe ili nimkatae Azan. Ikalowekwa kwenye beseni la maji na marashi mpaka wino ukatoka. Mchezo wetu umemwagwa chini ya mkorosho, binamu, unanukia waridi.

Baba hawezi kuficha kitu. Akawaita akina Azan, akawaambia, binti yangu amekutwa na hiki, mkiondoka sitawalaumu. Wale wazee wawili wakasimama. Azan hakusimama. Akasema, "Kama ni mchezo, si auchore tena tuuone?"

Nikauchora kwa chaki juu ya kaunta ya duka, baba kasimama pembeni na tasbihi yake. Nikapanga mbegu na vifungo, nilivikumbuka vyote. Azan akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Huyu mwenye nyeusi mbona hajarudi kwenye kona yake?"

Nikasema anangoja.

"Anangoja nini?"

Nilirudi ndani nikatafuta jibu kwenye barua zako zote.

Tangu hapo anakuja kila Ijumaa baada ya swala, baba akiwepo. Anacheza polepole, na vibaya. Akikosea halii, anakaa na kosa lake mpaka mwisho. Baba sasa ndiye anayelinda chaki isifutwe na wateja. Alhamisi iliyopita kaniuliza mwenyewe, hakumtuma mama. Nikasema ndiyo. Nikahi ni Jumamosi ya tarehe 20 Juni, baada ya Idi kubwa. Nyie ni watu wa kwanza kualikwa.

Hukuniambia kama Mzee ameondoka. Ningekuchukua na meza ya viatu. Ningekuchukua na daftari. Hukuniuliza.

Jiwe langu: Kawe, tatu kwa tatu, chini ya jiwe lako. Aliyeonyesha kwa kidole ni Azan. Aliyeweka ni mimi.

Shaima


Tandika
10 Mei 1992

Kwako Shaima,

Tangu Machi sijapata barua yako, wanasema Rufiji imefurika tena, sijui mto unakula zangu au zako. Salamu kwa Mjomba na mama, leo bila maneno mengi.

Mzee Hayashida aliondoka tarehe kumi na tano Februari. Kazi yao ya barabara imekwisha. Kanipa kitabu na ubao, kanishika mkono, udereva ukapanda naye ndege. Nduguye Farhan wa Maskati mwenyewe karudi, yupo hapa anatafuta pa kulala. Mie nauza viatu, nakaa chini, kwenye gunia. Ni hivyo tu, hakuna la pili wala la tatu. Sikutaka ulijue hilo kabla sijapata jingine la kuweka juu yake.

Jana nimekwenda Kawe nikamwambia mama yote, na la Azan, na la Idi. Kanipiga mwiko. Halafu kalia. Halafu kaanza kukunja nguo kwenye begi. Kasema gari la kwanza likivuka mto yumo ndani, na ami yangu Faraji yumo, na barua ya posa itaandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri, si mie. Mwambie Mjomba tumechelewa na tunajua.

Jiwe langu la barua hii: Kawe, la pili. Naifunga.

Mwishehe


Tandika
2 Juni 1992

Kwako Shaima,

Mto umeshuka, barua zote zimekuja siku moja. Yako ya Aprili na yangu ya Mei zimepishana njiani, moja ng'ambo hii, moja ng'ambo ile, kila moja inajiona inawahi. Kama yangu ya tarehe kumi haijafika, ikifika mpe Mjomba afungie sukari. Kama umeshaifungua, soma salamu, acha yaliyo chini.

Begi la mama halikupanguliwa. Kasema nguo za posa na nguo za harusi ni zilezile, kaongeza kanga moja. Mwanzo hakunisemesha siku mbili. Ya tatu kaniuliza Pugu ni nani, maana nilimsomea ile ya Maalim, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akakumbuka akanyamaza tena.

Mie ni mzima. Nauza. Watu wanabishana bei nami nawaachia, Farhan anagombeza, anasema wiki hii sina akili. Nakaa dakika tano nasimama. Nakwenda mpaka kituoni narudi, sijui nilikuwa nafuata nini.

Ubao niliupanga hapa juu ya gunia. Nikakuweka Kawe, tatu kwa tatu. Nimejaribu njia tisa za kukutoa. Nikibana huku unatokea kule, nikiziba kule unapumua huku. Kote unaishi, na mie nabaki na ukuta mrefu unaotazama mahali ambapo sina kitu. Mzee hakunidanganya, hilo nimtendee haki. Alisema ngoja kidogo. Mie nikaona ikiwa kidogo ni kizuri, kingi kitakuwa kizuri zaidi.

Kwa hiyo mchezo umeuchukua. Naandika hivyo kwa mkono wangu, uitunze, hutaipata tena.

Sasa la harusi. Tunakuja, mama, ami Faraji na mie. Na mwambie huyo Azan kwamba mie ni mtoto wa shangazi, mtani wa bibi harusi, na mtani ana haki yake ambayo hata Maalim hawezi kuiloweka. Akivua viatu kuingia kwenye nikahi, akitoka hatavikuta. Viatu ndiyo kazi yangu, havinipotei. Watani wengine hudai hela. Mie hela yake siitaki. Atakuja kukaa na mie uani, pekupeku, na kanzu yake mpya, ubao katikati. Nitampa nyeusi, aanze yeye.

Mwambie na hili. Nyie mtakuwa mnamngoja ndani, wapishi watakuwa wanauliza, baba yako atakuwa anatazama saa. Mie nitafikiri kila jiwe mpaka lichoke. Ami kauliza mchezo wa namna hiyo huchukua muda gani. Nimemwambia tukianza Jumamosi, Jumapili mchana tunaweza kuwa bado.

Binamu yako,
Mwishehe